Kumfundisha mtoto kusoma yasiyoandikwa: picha, vitendawili, maswali au kufikiri kwa sauti?

Soma kifungu hiki kwanza, maana kila njia tutakayoilinganisha tutaijaribia hapo:

"Bibi alitazama juu, akaanza kuanua mpunga haraka haraka. Juma aliacha mpira, akakimbilia nguo kwenye kamba. Paka alikuwa ameshaingia ndani zamani. Bibi akacheka, 'Leo huyu ametushinda sote.'"

Mtu mzima anaona mvua. Lakini mvua haikutajwa, wala wingu, wala radi. Muulize mtoto wa darasa la tatu "Bibi alianua nini?" atajibu "mpunga" bila kusita, nawe utampa vema. Muulize "Kwa nini alianua?" ndipo utakaposikia mengi: kwa sababu umekauka, kwa sababu anataka kupika, kwa sababu kuku wanaula, kwa sababu yeye ni bibi. Jibu la kwanza si la kijinga hata kidogo, mpunga ukikauka huanuliwa. Ila halielezi haraka ile ya bibi, halielezi nguo, halimwelezi paka. Mtoto ameshika dalili moja akaziacha tatu.

Maswali mengi yanayofuata vifungu vya ufahamu kwenye vitabu vyetu huuliza kile kilichoandikwa, na watoto si wajinga, wameshagundua mchezo: chukua maneno ya swali, yatafute kwenye kifungu, nakili sentensi nzima. Mchezo huo unawalisha alama kwa miaka kadhaa, halafu kwenye madarasa ya juu, maswali yanapoanza kuuliza sababu na hisia za wahusika, unawatupa. Mtaala wa umilisi wa Kenya unazungumzia utabiri na ufasiri. Tanzania nayo, tangu mtaala wa mwaka 2015 uliojengwa juu ya KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) kwa darasa la kwanza na la pili, inahesabu ufahamu kuwa sehemu ya kusoma kwenyewe. Namna ya kuufundisha ndani ya dakika 30 au 40, na watoto ulio nao, hilo umeachiwa wewe mwalimu.

Kabla ya kuchagua, jua anakwama wapi

Njia yoyote utakayochagua itaonekana mbovu ikitumiwa kwa mtoto ambaye tatizo lake ni jingine. Kuna kipimo rahisi. Mtoto akishindwa swali la mvua baada ya kusoma mwenyewe, msomee wewe kifungu kilekile kwa sauti, kisha muulize tena. Akijibu sawasawa, akili ya kuunganisha anayo. Kinachomlemea ni kutamka silabi. Watafiti Philip Gough na William Tunmer walilieleza hili mwaka 1986: kuelewa maandishi kunahitaji kuyatambua maneno na pia kuielewa lugha yenyewe, na kimoja kikikosekana kingine hakiwezi kuziba pengo. Mtoto huyo apewe mazoezi ya kusoma kwa ufasaha, na ukisio afundishwe kwa mdomo wakati akisubiri.

Akishindwa hata baada ya kusomewa, muulize kama amewahi kuona mpunga ukianikwa. Mtoto wa Kyela au Mwea atakushangaa kwa kuuliza. Mtoto wa ghorofani anayejua mchele wa mfuko hana pa kushika. Mwaka 1972 John Bransford na Marcia Johnson, Marekani, waliwasomea watu wazima aya kuhusu kufua nguo bila kutaja kwamba ni kufua. Waliokuwa wamedokezwa mada mapema walielewa na kukumbuka vizuri kuliko wengine. Walioambiwa baada ya kusoma hawakusaidika. Watu wazima hao, tena mada yenyewe ni kufua! Basi mtoto asiyejua mambo ya mpunga mweleze kwanza, au badilisha mpunga uwe dagaa, au samani zilizotolewa nje. Usimwandike kuwa mzito wa kuelewa.

Anayebaki, yule anayesoma vizuri, anayajua mambo, lakini haunganishi, ndiye ambaye ulinganisho huu unamhusu hasa.

Picha

Njia hii hupendwa kuliko zote katika semina za walimu, na naelewa kwa nini. Onyesha picha ya mtoto aliyelowa, mwavuli umepinduka, viatu mkononi. Uliza nini kimetokea. Hata asiyejua herufi anashiriki, darasa linachangamka, na hakuna anayeogopa kukosea. Kwa chekechea na darasa la kwanza ni mwanzo mzuri. Gharama yake ni ndogo pia: mradi wa African Storybook una hadithi nyingi za Kiswahili zenye michoro, unazipakua bure na kuzichapisha ukipenda.

Shida inakuja pale picha na maandishi vinapokaa ukurasa mmoja. Mtoto anaangalia picha, anajibu, na maandishi hayajaguswa. Ukiweka mchoro wa wingu jeusi juu ya kifungu chetu cha Bibi, umeua somo zima. Kila mtu atasema mvua na hakuna atakayekuwa amesoma. Nimeona walimu wakiridhika kabisa na majibu ya namna hiyo. Ukitumia picha, ifunike mpaka maandishi yasomwe na makisio yatolewe, kisha ifunue kama ushahidi wa mwisho. Kuanzia darasa la tatu ningezipunguza sana.

Vitendawili na hadithi za mdomo

Hapa tuna mali yetu wenyewe tunayoiweka kwenye kipindi cha fasihi simulizi kana kwamba haihusiani na ufahamu. Kitendawili ni dalili bila jina. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Mtoto anatafuta kitu kilichofungwa pande zote chenye kitu ndani, anafika kwenye yai. Hiyo ndiyo kazi ileile anayotakiwa kuifanya kwa mpunga na kamba ya nguo.

Ila ukweli usemwe: vitendawili vya kawaida vimeshazeeka masikioni mwa watoto. Ukitega kile cha mlango, darasa zima litapiga kelele "Yai!" kabla hujamaliza, na hapo hakuna aliyekisia, wamekumbuka tu. Dawa yake ni kutunga vipya darasani. Jaribu hiki: "Kadiri anavyofanya kazi ndivyo anavyofupika." Watasema penseli, wengine mshumaa, wengine sabuni ijapokuwa hiyo huwa nyembamba tu. Yaandike yote ubaoni. Ongeza dalili: "Akifanya kazi huacha vumbi." Mshumaa na sabuni vinafutwa. Ongeza nyingine: "Mwalimu akimaliza naye hupangusa mikono." Imebaki chaki. Mtoto ameona kwa macho yake jinsi majibu mengi yanavyopungua kadiri dalili zinavyoongezeka, na kwamba jibu la penseli halikuwa kosa lilipotolewa, lilikuwa halijapata ushahidi wa kutosha.

Wakishindwa kabisa, usikimbilie kudai mji. Ongeza dalili. Kupewa Mombasa nzima kunafurahisha, lakini mtoto aliyetoa mji amepewa jibu bila kulifanyia kazi.

Ukilinganisha na picha, vitendawili vinashinda kwa mambo mawili: vinatumia maneno, kama maandishi yanavyotumia, na haviombi hata karatasi. Vinashindwa mahali pamoja, na si padogo. Kitendawili kinatangaza kwamba kuna kitu kimefichwa. Kifungu cha kusoma hakitangazi. Ndiyo maana wapo watoto hodari wa vitendawili ambao wakifungua kitabu wanarudi kunakili sentensi. Lazima kuwe na daraja kati ya hayo mawili, na daraja hilo ni kufikiri kwa sauti, njia ninayoipa nafasi kubwa hapa chini.

Maswali yaliyopangwa kwa aina

Taffy Raphael, mtafiti wa Marekani, alieneza miaka ya 1980 wazo la kuwafundisha watoto kutambua jibu linakaa wapi. Kwa lugha ya darasani tunaweza kuyaita: lipo palepale, tafuta uunganishe, mwandishi na mimi, na kichwani mwangu. "Juma aliacha nini?" lipo palepale. "Nani na nani walikuwa na haraka?" linataka sentensi mbili ziunganishwe. "Kwa nini Bibi alianua mpunga?" ni mwandishi na mimi. "Nyumbani kwenu mvua ikikaribia nani huanua nguo?" hilo liko kichwani, hata usiposoma unajibu.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba unavunja ule mchezo wa kunakili. Mtoto akijua kwamba swali la tatu halina sentensi ya kunakili, anaacha kuitafuta. Na ushahidi upo kwamba maswali peke yake yana nguvu. Mwaka 1981 Jane Hansen alifanya jaribio na watoto wa darasa la pili Marekani: kundi moja liliongozwa kulinganisha maisha yao na hadithi kabla ya kusoma na kutabiri, kundi la pili liliulizwa tu maswali ya kukisia badala ya maswali ya kawaida. Makundi yote mawili yaliwapita wenzao waliofundishwa kama kawaida. Kwa mwalimu mwenye mzigo hii ni habari njema: kubadilisha maswali bila kubadilisha kitu kingine chochote tayari ni hatua.

Udhaifu? Aina nne ni nyingi kwa darasa la pili. Watoto wanaishia kubishana swali hili ni la aina gani, na hadithi imesahauliwa. Anza na mbili tu: limeandikwa, halikuandikwa. Mgawanyo wa aina nne usubiri darasa la nne. Njia hii pia inapendeza pale kila mtoto ana kitabu chake, kama ilivyokuwa lengo la mpango wa Tusome nchini Kenya tangu 2015. Watoto wanne wakikigombania kitabu kimoja, "tafuta uunganishe" inakuwa kazi ya yule mwenye kukishika.

Mwalimu kufikiri kwa sauti

Maswali humpima mtoto kama amefika. Hayamwonyeshi njia. Kufikiri kwa sauti ni kumwonyesha. Mwalimu anaandika kifungu ubaoni, anasoma, na kila anapokisia anasema anachokiwaza, hata pale anapopotea. Kwa kifungu chetu ingesikika hivi:

"'Bibi alitazama juu.' Juu kuna nini? Labda ndege, labda embe, labda anga. Bado sijui, naendelea. 'Akaanza kuanua mpunga haraka haraka.' Kumbe mpunga ulikuwa umeanikwa, basi jua lilikuwepo. Embe naliondoa. Ndege wanakula mpunga, wabaki kwanza. 'Juma akakimbilia nguo kwenye kamba.' Ah, ndege hawali nguo. Ni kitu gani kinaharibu mpunga na nguo kwa pamoja, nacho kinatoka juu?"

Hapo nyamaza. Usimalizie. Watamalizia wao.

Angalia kilichotokea: watoto wamesikia kisio likizaliwa, likitiliwa shaka, likitupwa. Wengi wao hudhani msomaji hodari huelewa papo hapo, kwamba wao wakisitasita ni wapungufu. Kumsikia mwalimu akisema "bado sijui, naendelea" kunawapa ruhusa ya kutojua kwa sentensi mbili tatu.

Njia hii haijali wingi wa watoto. Darasa la 90 na chaki moja linatosha, ndiyo maana kwa shule nyingi za serikali ndiyo ningeanza nayo. Hatari yake ni mwalimu kunogewa. Akifikiri kwa sauti kipindi kizima, watoto wanageuka watazamaji. Sentensi mbili zako, ya tatu yao. Wiki inayofuata moja yako, zilizobaki zao, wawili wawili.

Kuna jambo la Kiswahili ambalo kufikiri kwa sauti hulitoa vizuri kuliko njia nyingine, na miongozo iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza hailigusi. Ni viambishi. Chukua: "Asha alimpa Neema mwavuli kwa sababu alikuwa anakwenda mbali." Nani anakwenda mbali? Hiyo a- inaweza kuwa Asha, inaweza kuwa Neema. Mtoto anaamua kwa kufikiria mwavuli humfaa nani. Sasa hii: "Mama aliweka kikombe na sahani ukingoni mwa meza. Mtoto akapita mbio, ikaanguka." Hapa hakuna kubahatisha, i- inaitaja sahani, kingekuwa kikombe, ingeandikwa kikaanguka. Mtoto aliyezoea Kiswahili cha mtaani, ambako "kikombe imeanguka" ni sawa tu, dalili hiyo inampita. Mwalimu akisema kwa sauti "ikaanguka, si kikaanguka, basi kikombe kimepona", amefundisha ngeli na ufahamu kwa pigo moja, na watoto wameona ngeli ina kazi nje ya mtihani.

Rudi kwa Bibi: "Leo huyu ametushinda sote." Huyu nani? Tegemea nusu ya darasa kusema Juma, maana ndiye aliyekimbia. Wengine watamtaja paka. Usiamue haraka. Waulize kila upande umejuaje. Atatokea mmoja atakayeliona neno "zamani", na mwingine atakayesema Juma yumo ndani ya "sote" kwa hiyo hawezi kujishinda mwenyewe. Ubishi wa namna hiyo una thamani kuliko maswali kumi ya kunakili.

Vikundi vya kusomeshana

Annemarie Palincsar na Ann Brown walipoandika kuhusu njia hii mwaka 1984 walikuwa wakifanya kazi na wanafunzi wa darasa la saba, waliosoma maneno vizuri lakini walioelewa kidogo. Watoto hupokezana nafasi ya mwalimu: kutabiri, kuuliza, kufafanua palipotatiza, kutoa muhtasari. Ina sifa nzuri na inastahili. Lakini tazama umri. Ukiipeleka darasa la pili, kazi nne kwa mpigo, watoto sita kila kundi, madawati yasiyosogea, utapata kelele na mtoto mmoja mjuaji anayefanya kila kitu. Iweke darasa la tano kwenda juu. Chini ya hapo chukua kipande kimoja tu, kutabiri, wafanye wawili wawili.

Sasa uchague nini?

Kwa darasa kubwa lenye vitabu vichache, kufikiri kwa sauti ubaoni mara mbili kwa wiki, na dakika tano za vitendawili vipya kila siku ya kusoma. Vifungu viwe vya sentensi nne hadi sita, utunge mwenyewe kwa mambo ya hapo mlipo: mnada, kivuko, foleni ya maji, msimu wa dagaa. Darasa lenye kitabu kwa kila mtoto, anza hivyohivyo kwa wiki chache, kisha hamia kwenye maswali ya "limeandikwa" na "halikuandikwa". Mzazi nyumbani na mtoto mmoja, kitabu cha picha kilichofunikwa na swali moja, "Umejuaje?", vinatosha, hahitaji mpango wa somo. Ukiuliza, subiri. Kimya cha sekunde tano darasani kinamtesa mwalimu kuliko mtoto.

Kwa mtoto anayesoma vizuri na kuelewa vizuri, usitarajie makubwa kutoka njia yoyote kati ya hizi. Hansen na David Pearson mwaka 1983, wakifanya kazi na darasa la nne, waliona faida kwa wasomaji dhaifu na si kwa wale hodari. Hodari mpe vitabu vingi zaidi, aachwe asome.

Na usahihishaji ubadilike, la sivyo watoto watarudi kwenye kunakili kwa sababu kunakili ndiko kunakolipa. Swali la kukisia liwe na alama mbili: moja ya jibu, moja ya dalili. "Mvua" peke yake, moja. "Mvua, kwa sababu walianua mpunga na nguo", mbili. Na yule atakayeandika "Bibi aliona nzige wanakuja kula mpunga" mpe moja ya dalili, kisha umwandikie pembeni kwa kalamu nyekundu: nguo je?